Somo wa Ndoa Tunaye, Somo wa Kazi Yuko Wapi?



Katika miji yetu ya Pwani, binti akikaribia kuolewa hatumwachi aingie nyumbani kwake bila ya mwongozo. Hutafutiwa somo: mwanamke mtu mzima, mwenye busara na siri, akamfunza yale ambayo mama mzazi huona haya kuyatamka. Lakini binti huyo huyo akimaliza chuo, twamwambia, "Haya, katafute kazi," kisha twamtazama akihangaika peke yake.

Shahada humpa mtu elimu ya kazi. Haimfunzi namna ya kujibu maswali ya mahojiano bila ya kujidunisha, kuomba nafasi ya kusali pasi na ugomvi, wala kukataa hongo na bado akalinda riziki yake. Hayo hupokewa kwa aliyeyapitia. Binti asiyempata mtu huyo huvunjika moyo mapema, akarudi nyumbani, na ile karo waliyojinyima wazazi ikabaki karatasi ndani ya kabati.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Bibi Shifaa binti Abdillahi alikuwa miongoni mwa wanawake wachache wa Makka waliojua kuandika. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimtaka amfunze Bibi Hafsa, mkewe Mtume, kisomo cha kutibu maradhi, kama alivyokwisha kumfunza kuandika. Miaka ikapita. Sahifa za Qur'ani zilizokusanywa zama za Sayyidna Abubakar zikaja kuwekwa kwa Bibi Hafsa, na Sayyidna Uthman aliziazima kwake zilipoandikwa nakala za kupelekwa mijini. Allah awe radhi nao wote. Tuzingatie amana iliyowekwa mikononi mwa mwanamke aliyefunzwa kalamu na mwanamke mwenziwe.

Basi somo wa kazi atafutwe wapi? Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Muuguzi aliyestaafu, mwalimu wa jirani, mhasibu wa dukani, fundi wa kushona aliyeajiri wenziwe: hawa wote wana la kufunza. Binti asianze kwa kuomba kazi. Aombe saa moja kwa mwezi, aende na swali aliloliandika, na akirudi aeleze alivyoutumia ushauri wa mwanzo. Somo naye asome barua ya maombi na kuisahihisha, aseme kweli kwa upole, ahifadhi siri, wala asimgeuze mwanafunzi kuwa mtumishi wa bure. Ikiwa mjuzi wa fani hiyo ni mwanamume, mazungumzo yawe mbele za watu na wazazi wawe na habari.

Kwenu mama zetu mliotangulia makazini: wapo wasemao, "Mimi nilihangaika mwenyewe, naye ahangaike." Huo ni uchoyo, na ilimu haipungui kwa kugawiwa. Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa ilimu yenye manufaa ni katika amali zisizokatika mja anapokufa.

Wiki hii, kila mama mwenye kazi yake na amtazame binti mmoja wa mtaani, amwite, amuulize amefikia wapi. Allah awafungulie mabinti zetu milango ya kheri, na atujaalie tuwe funguo zake. Amin.