Droni ya Kupigia Picha za Ziwa: Tuchague Ipi?

Chama cha Picha cha shule yetu kina azma ya kununua droni, yaani kile chombo kidogo kirukacho bila rubani, chenye kamera chini yake. Wazazi wetu wamekwisha kuanza kuchanga fedha, na kila jioni bwenini kuna mabishano. Mmoja asema inunuliwe ile irukayo mbio, wa pili ataka ile ipigayo sinema nzuri, na wa tatu ataka iliyo rahisi kuliko zote. Kwa kuwa fedha hizo zatoka katika mifuko ya watu wauzao dagaa na mpunga, nimeona yafaa niyaeleze mambo haya kwa utaratibu, ili walimu, wazazi na wanafunzi wenzangu wapate kuamua huku wakijua wanaloliamua.

Kazi Tunayoitaka

Mtu hachagui jembe kabla ya kulijua shamba. Sisi hatutaki sinema za harusi. Twataka picha za mnato za mandhari ya nchi: majabali ya Mwanza yaliyopandana kama magunia ghalani, Jiwe la Bismarck na maji yanayolizunguka, mitumbwi ikirudi Mwaloni Kirumba asubuhi, na ufuko wa ziwa wenyewe.

Ufuko huo ndio jambo kubwa. Mwezi wa Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1964, na watu wengi wa kando ya ziwa walipoteza mashamba na nyumba. Wazee huonyesha kwa kidole mahali palipokuwa na njia au mwembe, lakini kidole si kumbukumbu ya kuweka kabatini. Chama kimepanga kupiga picha ya ufuko uleule, kutoka mahali palepale na kimo kilekile, kila muhula. Baada ya miaka kumi picha hizo zitaonyesha ziwa limekula wapi, limerudisha wapi, na magugu maji yamejaa ghuba zipi. Kwa hiyo picha zetu lazima ziwe safi kiasi cha kupimika, wala si za kupendeza macho tu.

Kupiga picha kutoka angani si jambo geni. Mfaransa Nadar alipiga picha akiwa ndani ya puto mwaka 1858. Katika Desemba 1926 hadi Februari 1927, rubani Mswisi Walter Mittelholzer alisafiri kutoka Zürich mpaka Cape Town kwa ndege ya kutua majini, akiipiga picha Afrika njia nzima. Droni nazo ziwa letu limekwisha kuziona: mwaka 2018 ilitangazwa kwamba katika majaribio ya kupeleka dawa Ukerewe, droni ya Wingcopter iliruka kilometa 60 kutoka bara mpaka kisiwani kwa muda wa dakika 40 hivi. Lakini droni ya kubeba dawa si droni ya kupiga picha. Tuitazame sasa hiyo tunayoitaka.

Jambo la Kwanza: Kihisi

Ndani ya kamera mna kibamba kidogo kinachopokea mwanga, nacho huitwa kihisi. Weka beseni na kikombe mvuani kwa dakika moja, kisha utazame kipi kimekinga maji mengi. Kihisi kikubwa ni beseni. Chapokea mwanga mwingi zaidi, na kwa sababu hiyo picha yake haina chengachenga nyingi gizani, wala mawingu meupe hayapotei upesi ndani yake.

Wauzaji hupenda kutangaza megapikseli, yaani hesabu ya nukta za picha katika mamilioni. Tusidanganyike. Kuugawa mkate uleule vipande 48 badala ya 12 hakuongezi mkate. Picha ya megapikseli 20 yatosha kuchapwa kwa upana wa sentimeta 44 na urefu wa sentimeta 33 kwa nukta 300 kila inchi, na ukubwa huo unazidi ubao wowote wa matangazo tulio nao hapa shuleni kwa picha moja.

Tena hapana budi kamera iweze kuhifadhi picha mbichi, yaani ile ambayo mashine haijaipika. Jua la Mwanza huzama karibu na saa moja kasoro dakika kumi, nalo huzama upesi kwa kuwa tuko karibu sana na Ikweta. Wakati huo mbingu ni nyeupe na majabali ni meusi. Picha iliyopikwa na mashine itakupa mbingu au itakupa majabali. Mbichi yaweza kukupa vyote viwili ukiitengeneza kwa subira kwenye kompyuta. Yafaa pia iweze kupiga picha tatu au tano mfululizo zenye mwanga mbalimbali, zikaunganishwa baadaye.

Jambo la Pili: Lenzi na Kimo

Sheria yakataza kupita futi 400 juu ya ardhi, yaani kama meta 120. Lenzi pana ya kawaida ya droni, ikitazama chini wima kutoka kimo hicho, huona ukanda wa ardhi wa upana wa meta 170 hivi. Ukigawa upana huo kwa nukta 5,280 za kamera ya megapikseli 20, kila nukta yabeba ardhi ya sentimeta tatu na kitu. Maana yake ni kwamba mtumbwi, jiwe, hata ndoo iliyosahauliwa ufukoni vitaonekana. Kwa kazi ya kupima ufuko hiyo yatosha sana.

Kwa mandhari, hata hivyo, lenzi pana peke yake huufanya mlima wa mbali kuwa kichuguu. Droni yenye lenzi ya pili inayovuta huyasogeza majabali na mji pamoja, nyumba za kilimani zikaonekana kweli zimekaa juu ya mawe.

Jambo la Tatu: Upepo

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku mambo hugeuka, na asubuhi mapema upepo hafifu hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Hapo pana mtego. Asubuhi ziwa ni shwari na droni hutoka kwa wepesi kwa kuwa yasukumwa mgongoni, lakini kurudi yapaswa kupigana na upepo huohuo huku betri imepungua. Ikishindwa, chini yake ni maji tu. Basi sheria ya chama iwe kugeuza droni ingali na betri zaidi ya nusu. Tena isishushwe karibu na maji yaliyotulia, kwa maana vihisi vya tumboni vinavyopima kimo huweza kudanganywa na uso wa maji.

Aina Tatu

Nimezilinganisha droni tatu za kampuni ya DJI ya China, kwa kuwa ndizo zijulikanazo sana. Sitaji bei, maana bei hubadilika. Wanunuzi na waulize siku ya kununua.

Mini 4 Pro ina uzito wa gramu 249 tu. Kihisi chake ni kidogo, kama milimeta 9.6 kwa 7.2. Kiwandani wasema yastahimili upepo wa meta 10.7 kwa sekunde. Ni nyepesi kubeba mlimani, na kamera yake yaweza kusimama wima kwa picha ndefu.

Air 3S ina gramu 724. Kihisi chake ni milimeta 13.2 kwa 8.8, kikubwa kupita cha kwanza kwa karibu mara moja na robo tatu. Ina lenzi ya pili ya kuvuta, na hustahimili upepo wa meta 12 kwa sekunde.

Mavic 3 Pro ina gramu 958, lenzi tatu, na kihisi cha milimeta 17.3 kwa 13, zaidi ya mara tatu ya kile cha Mini. Tundu la lenzi yake kuu laweza kupanuliwa au kufinywa, jambo ambalo hizo nyingine mbili hazina.

Kwa maoni yangu Air 3S ndiyo ya kutufaa. Mini itatetereka upepo wa alasiri ukizidi, na Mavic yataka fedha ambazo zingetununulia betri. Betri zisipungue tatu. Kiwandani wasema betri moja ya Air hudumu dakika 45, lakini hiyo ni pasipo upepo. Juu ya ziwa tusitegemee hivyo.

Jambo la Nne, Lililo Kubwa

Nimeliweka mwisho ili lisisahauliwe. Droni katika Tanzania zasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kwa kanuni za mwaka 2018, na idhini ya Wizara ya Ulinzi nayo yatakiwa. Wenzetu wanaosema kwamba droni ndogo haihitaji kibali wamesoma habari za nchi nyingine. Hapa kwetu udogo haufuti wajibu huo. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, hakirukwi bila ruhusa ya wenyewe. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko ufukoni, na ndege zenye abiria hupita juu ya maji yaleyale tunayotaka kuyapiga picha. Tena kijiji cha wavuvi si pori: watu wanaoga, wanapika, wana haki ya kuulizwa kabla ya kupigwa picha kutoka juu.

Kwa sababu hiyo naomba utaratibu uwe huu. Kwanza shule iombe kibali, kwa jina la shule na la mwalimu atakayeirusha. Pili, kibali kikipatikana, ndipo droni inunuliwe. Droni iliyonunuliwa kabla ya kibali ni fedha za wazazi zilizofungiwa kabatini. Wakati wa kungoja hatutakaa bure: kuna vilima vya kutosha, na kamera ya kawaida juu ya jabali yaweza kuanza kumbukumbu ya ufuko muhula huuhuu.

Sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani wetu Novemba na kuondoka, kwa hiyo hatutaiona ikiruka. Watakaoitumia ni nyinyi wa kidato cha kwanza na cha pili. Katika mkutano ujao wa chama ulizeni mambo matatu kabla ya kunyosha mikono: kihisi chake kina ukubwa gani, yastahimili upepo gani, na kibali kiko wapi.