Chupa ikipasuka na damu, usisubiri uchungu

Mama wa Pangani au Mkinga, chupa ikipasuka maji yakatoka na damu, hata bila maumivu, wahi hospitali.

Huenda ni vasa previa: mishipa ya damu ya mtoto imepita wazi kwenye mlango wa kizazi. Ikichanika, damu inayomwagika ni ya mtoto, naye wa kilo 3 ana takriban mililita 300 tu, chupa moja ya soda.

Utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha tatizo likigunduliwa kabla ya kujifungua, watoto 97 kati ya 100 walipona, lisipogunduliwa, 44.

Ukiambiwa kondo la nyuma liko chini, au una mapacha, omba altrasaundi iangalie na mishipa. Ikithibitika, utapangiwa upasuaji kabla ya uchungu. Sogea mapema karibu na Hospitali ya Bombo.