Kengele ya Alfajiri: Nani Anawaibia Watoto Usingizi?

Na MWANDISHI WETU

SAA kumi na dakika 50 alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajawika, simu yangu hulia chini ya mto. Huo ndio wakati ambapo mimi, kama kina mama wengi hapa mtaani Kayole, huanza kazi ya kumtoa mtoto kitandani. Binti yangu yuko Gredi ya Sita katika shule ya umma iliyo mwendo wa dakika 40 kwa miguu. Ana miaka 11. Hukaa ukingoni mwa kitanda akiwa amefumba macho, nami nikimvisha soksi kama mtoto wa chekechea.

Majuzi alikuwa na mafua. Nilimwambia aendelee kulala kidogo, nami nimwandikie mwalimu wake barua. Aliruka kama aliyemwagiwa maji baridi.

"Mama, usifanye hivyo! Nikifika saa moja nitapigishwa magoti langoni."

Saa moja, msomaji, ni saa nzima kabla ya wakati ambao sheria ya nchi hii inasema masomo yaanze. Shule yao inataka kila mtoto awe darasani saa kumi na mbili unusu. Hapa Nairobi jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi, maana tuko karibu na ikweta na jua halina msimu wa kutuhurumia. Mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na moja na dakika 40 anatembea gizani Januari, anatembea gizani Julai, anatembea gizani Novemba. Sisi wazazi wa mtaa huu tumegawana zamu za kuwasindikiza hadi barabara ya lami.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, hazina utata. Katika shule ya kutwa, masomo ya darasani ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa unusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Kutoka hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa michezo, uskauti, muziki na kadhalika. Mwanafunzi wa kutwa asilazimishwe kufika shuleni kabla ya saa moja na robo. Hata wa bweni wamepangiwa. Prepu ni saa moja unusu hadi saa tatu unusu usiku, kisha kitandani hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Ukihesabu, hao wa bweni wamepewa saa nane unusu za usingizi. Mabingwa wa usingizi wa Marekani, American Academy of Sleep Medicine, walishauri mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12. Kwa hivyo waliotunga kanuni zetu hawakubahatisha. Binti yangu humaliza kazi ya ziada na kulala saa tatu usiku. Hadi simu yangu ilie, amelala saa saba na dakika 50.

Hesabu ya dakika

Nilitaka kujua kama kweli masomo ni mengi kiasi cha kuhitaji alfajiri. Nikachukua kalamu.

Mtaala wa umilisi ulipopunguziwa mzigo mwaka 2024, madarasa ya chini, yaani Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu, yalibaki na vipindi 31 kwa wiki. Gredi ya Nne hadi ya Sita zina vipindi 35, na sekondari ya msingi vipindi 40. Kipindi cha wadogo ni dakika 30, cha wa kati dakika 35, na cha sekondari ya msingi dakika 40.

Tuanze na wakubwa. Vipindi 40 kwa siku tano ni vipindi vinane kwa siku. Hiyo ni dakika 320. Kutoka saa mbili hadi saa tisa unusu kuna dakika 450. Toa, zinabaki dakika 130 za paredi, mapumziko na chakula cha mchana. Binti yangu wa Gredi ya Sita ana vipindi saba vya dakika 35, ambavyo ni saa nne na dakika tano kwa siku. Na mtoto wa Gredi ya Kwanza? Ana takriban saa tatu tu! Lakini kwa kuwa hawezi kutembea peke yake gizani, huamshwa pamoja na dada yake, kisha hukaa kwenye dawati akisinzia hadi mwalimu wake aingie.

Basi vipindi vyote vinaenea kwenye siku ya kisheria, na nafasi inabaki.

Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye shule ya upili, ndiye hupanga ratiba katika shule ya umma ambayo nitaihifadhi jina. Siku hizi shule nyingi hutumia programu za kompyuta, lakini yeye bado hutandaza karatasi kubwa ya manila mezani na kuipanga kwa vijikaratasi vya rangi. Nilikwenda kwake Jumamosi moja nikamkuta amepiga magoti sebuleni, watoto wake wamekatazwa kukaribia.

Alinieleza kwamba huanza na yale yasiyoweza kusogezwa. Masomo ya dini ya Kikristo na ya Kiislamu lazima yawe wakati mmoja, kwa sababu darasa hugawanyika. Maabara ni moja, madarasa yanayoihitaji ni sita. Hisabati huwekwa asubuhi akili zikiwa bado mbichi. Elimu ya viungo haiwekwi mara tu baada ya chakula. Mwalimu wa Kifaransa ni mmoja na hawezi kugawanywa vipande viwili. Yote hayo yakishatulia, ndipo hujaza mianya.

Kichwa huanza kuuma, anasema, panapofika suala la kengele. Tangu Januari 2023 sekondari ya msingi imekuwa ndani ya shule za msingi. Ua ni mmoja na kengele ni moja, ile ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarubaini. Masomo yakianza saa mbili na dakika 20, wadogo humaliza vipindi viwili saa tatu na dakika 20, wa kati saa tatu unusu, wakubwa saa tatu na dakika 40. Kengele ya nani ipigwe? Katika shule yake walikubaliana kwamba kengele ni ya wakubwa, na walimu wa wadogo watazame saa ya ukutani. Wadogo hutoka kwenda kucheza kimya kimya, kama inavyowezekana kwa watoto wa miaka sita.

Nikamwuliza mbona vipindi vya alfajiri havimo kwenye ile manila. Akacheka. Vile, akaniambia, huandikwa kwenye karatasi nyingine.

Mwalimu naye ni mama

Nilikuwa nimeazimia kwenda kumkabili mwalimu wa darasa wa binti yangu. Nilizichapisha kanuni, nikapiga mstari mwekundu chini ya saa moja na robo, nikazitia mkobani. Nilimkuta saa kumi na moja jioni akisahihisha madaftari. Alizisoma, kisha akanirudishia karatasi yangu taratibu.

"Mzazi," akaniambia, "mimi nina mtoto wa miezi saba. Natoka nyumbani akiwa amelala, narudi akiwa amelala. Hizo kanuni ungempelekea aliyepanga niwe hapa saa kumi na mbili unusu."

Nilikosa la kusema. Nilikuwa nimekwenda kugombana, nikajikuta nimevuta kiti.

Kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2021 kati ya Tume ya Kuwaajiri Walimu na vyama vya walimu, likizo ya uzazi iliongezwa kutoka siku 90 hadi 120. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini siku 120 zikiisha mtoto hajafikisha hata miezi mitano. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha nafasi ya kufanya hivyo wakati wa kazi, isiyozidi saa moja kwa kila saa nane, na ihesabiwe kama saa za kazi. Katika shule yenye mwalimu mmoja kwa kila darasa, nafasi hiyo haipatikani ila mpanga ratiba aiweke tangu mwanzo. Yule rafiki yangu huiweka. Humwachia mwalimu kipindi cha mwisho kabla ya mapumziko, ili apate karibu saa moja kwa mkupuo. Hakuna aliyemwagiza. Mkewe pia ni mwalimu.

Wengi wetu hudhani mwalimu hufunga kazi mtoto anapotoka langoni. Hebu chukua darasa la watoto 60, kila daftari dakika mbili. Hizo ni saa mbili za kusahihisha, za somo moja tu. Ongeza maandalizi ya kesho, fomu za kutathmini utendaji wake ambazo Tume ilianzisha mwaka 2016, na wiki ya zamu ambapo hufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Ukimwekea kipindi cha alfajiri juu ya hayo, atafundisha, lakini kipindi cha saa nane mchana atakifundisha akiwa ameketi.

Na hapa lazima niwageukie wazazi wenzangu, nami nikiwemo. Waziri Mutula Kilonzo alipopiga marufuku tuisheni ya likizo mwaka 2012, wazazi wengi walikuwa miongoni mwa waliolalamika. Mwaka uliofuata marufuku hiyo ikatiwa ndani ya sheria, na anayeikiuka akawekewa faini ya hadi Sh100,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Bado tunalipa. Tunalipa kwa majina mengine: "motisha", "karatasi", "chai ya walimu". Mtihani wa KCPE uliokuwa ukisingiziwa ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini kengele ya alfajiri haikuondoka nao.

Nikiwa mkweli, kuna sababu nyingine ambayo hatupendi kuitaja. Mimi huingia kazini saa mbili na kutoka saa kumi na moja. Shule ikimwachilia mtoto saa tisa unusu, atakaa na nani? Jirani yangu anayeuza nguo Gikomba huondoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri kuwahi marobota yakifunguliwa. Kwake, shule inayofungua lango gizani ni yaya asiyelipwa. Wenzetu wa Pwani wamebahatika kidogo hapo, kwa kuwa mtoto wa Kiislamu akitoka shuleni huenda madrasa. Huku kwetu, kilichopo ni barabara na vibanda vya michezo ya video.

Kwa maoni yangu, jibu si kumfungia mtoto darasani saa 11 kwa siku. Lango linaweza kufunguliwa mapema kwa mtoto ambaye mzazi wake hana budi, akaketi, akasoma hadithi au akasinzia, bila mwingine yeyote kupigishwa magoti. Na ule wakati wa michezo, saa tisa unusu hadi saa kumi na moja kasorobo, urudishiwe mpira. Siku hizi huliwa na Hisabati. Binti yangu alijiunga na skauti mwaka jana na hajafunga skafu hata mara tano.

Mwalimu wa darasa ameniahidi kwamba jambo hili litawekwa kwenye ajenda ya mkutano wa wazazi Ijumaa ijayo. Alinionya kuwa walimu hawatalisema wao, ni lazima litoke kwa mzazi. Nimeshamwomba mkubwa wangu kazini ruhusa ya nusu siku. Karatasi yenye mstari mwekundu bado iko mkobani.

Binti yangu aliposikia, aliniuliza nitasimama mbele ya watu wote. Nikamwambia ndiyo. Akafikiri kidogo, kisha akaniuliza kama Jumatatu itakayofuata aiweke simu ilie saa kumi na dakika 50 au asubiri kwanza.