Zabibu ya Makutupora haisubiri mnunuzi

Mfanyabiashara wa mbuzi pale Kiamaiko, Nairobi, ana nafasi ambayo mkulima wa zabibu wa Dodoma hana. Mbuzi walioshushwa kutoka Marsabit au Moyale wakikosa bei leo, watalala zizini na kuuzwa kesho. Zabibu iliyoiva haina kesho. Ikiachwa shambani huliwa na ndege na kuoza. Ikichumwa, joto huanza kuichachusha ndani ya makreti.

Aina inayotawala mashamba ya Dodoma ni Makutupora Nyekundu. Jina limetoka Makutupora, kaskazini mwa jiji, kilipo kituo cha utafiti wa zabibu kilicho chini ya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Tanzania. Wamisionari Wakatoliki kutoka Italia ndio walioleta kilimo cha zabibu katika miaka ya 1950, wakaanzia Bihawana. Wakulima wanaipenda Makutupora kwa sababu inazaa sana na inalivumilia jua la Ugogo.

Ulaya, mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma, mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima huulaza mwenyewe. Hupunguza maji, kisha hupogoa matawi yaliyozaa na kubakiza macho machache. Maji yakirudi, macho huchipua, na baada ya takriban miezi minne vichala vimeiva. Ndiyo maana shamba moja huvunwa mara mbili: Februari hadi Aprili, na tena Agosti hadi Septemba.

Misimu hiyo miwili hailingani. Zabibu ya masika huandamwa na ubwiri unga na ubwiri vinyoya, na mvua hupunguza utamu. Ile ya kiangazi huwa na sukari zaidi, ila humtaka mkulima awe na maji ya kumwagilia.

Mnunuzi akifika, hukamua tone moja kwenye kioo cha kipimo cha sukari, hukielekeza kwenye mwanga na kusoma. Kiwandani zabibu hupondwa na kuchachushwa pamoja na maganda, maana rangi nyekundu hutoka humo.

Tatizo ni uhaba wa matangi viwandani. Kampuni ya umma ya mvinyo, DOWICO, ilikufa, na ingawa CETAWICO ya Hombolo na wengine wameingia, mavuno yakifika kwa mkupuo mmoja viwanda hujaa. Serikali imesaidia kwa kutoza ushuru mdogo mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya malighafi yake ni zabibu za nchini. Wakulima wengine nao hukamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu, unaohifadhika vyema kuliko tunda lenyewe.

Lakini Dodoma ina faida ambayo haijatumiwa ipasavyo: anayepogoa leo anajua atavuna lini. Vijiji vikipogoa kwa zamu, na mikataba ya ununuzi ikitiwa saini siku za kupogoa badala ya siku za kuvuna, kiwanda kitapokea mzigo kwa awamu na mkulima ataingia kwenye mazungumzo ya bei akiwa na miezi minne mkononi.