Kinywe: Jiwe la Lindi Lililomo Ndani ya Gari la Umeme

Je, wajua kwamba kalamu ya risasi haina risasi hata chembe? Kile cheusi kinachobaki karatasini, na vidoleni mwa mtoto wa darasa la kwanza, ni kinywe. Waingereza walipokichimba Borrowdale katika karne ya 16 walidhani ni risasi, na kosa lao likatufikia pamoja na kalamu yenyewe. Mwaka 1779 ndipo mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alipoonyesha kuwa ni kaboni: ndugu wa mkaa, na ndugu wa almasi za Mwadui.

Kinywe kimelala ardhini mkoani Lindi, hasa wilayani Ruangwa, ambako mgodi wa Lindi Jumbo ulianza kuzalisha mwaka 2024. Jina hilo la Jumbo si mbwembwe. Katika biashara ya kinywe ndivyo viitwavyo vigamba vikubwa. Ukikishika kinateleza kama kilichopakwa mafuta, kinachafua kiganja, na ukucha unakikwaruza. Usikidharau kwa ulaini huo. Kinastahimili joto linaloyeyusha chuma, ndiyo maana vyungu vya kuyeyushia madini vimetengenezwa kwacho tangu zamani.

Watu wakibishana juu ya gari la umeme hutaja lithiamu. Lakini betri yake ukiipima, kinywe ni kingi kuliko lithiamu mara kadhaa. Gari moja, kwa wastani, hubeba kilo 50 na zaidi. Kazi yake ni kupokea wageni. Kinywe ni kurasa nyembamba za kaboni zilizolaliana kama chapati kwenye sahani. Unapochaji, chembe za lithiamu huvuka kutoka upande wa pili wa betri na kujipenyeza kati ya kurasa hizo, na kila atomu sita za kaboni humkaribisha mgeni mmoja. Gari likitembea, wageni hurudi walikotoka, na umeme unapita kwenye waya kuzungusha mota. Aliyeonyesha mwaka 1980 kwamba lithiamu yaweza kuingia ndani ya kinywe na kutoka tena ni Mwafrika mwenzetu, Rachid Yazami, mzaliwa wa Fes, Moroko. Nobel ya mwaka 2019 ya betri hizi ilimpita, wakapewa wengine watatu. Mimi bado naona haikuwa haki.

Ubishi wa kuchaji nao unaanzia humo humo kati ya kurasa. Fikiria daladala. Abiria wa kwanza wanaingia na kukaa. Wa mwisho wanasukumana mlangoni huku konda akipiga kelele wasogee nyuma. Betri ni hivyo hivyo: kwenye chaja ya kasi hupanda haraka hadi asilimia 80 au karibu yake, kisha hujivuta. Ukiilazimisha, lithiamu inayokosa nafasi hujigandisha juu ya kinywe, na betri inazeeka kabla ya wakati wake.

Sasa tuingie barabara ya kusini. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 300, na Lindi iko mbele zaidi. Chukua Nissan Leaf ya toleo la kwanza, zile za mitumba kutoka Japani. Betri yake ni ya uniti 24, na ilipokuwa mpya ilikwenda kilomita zipatazo 120. Kwa hiyo hata ikiwa mpya, utasimama mara mbili kabla hujaiona Masoko, na kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani kila kituo ni saa nane au zaidi. Tena betri hiyo hupozwa na hewa tu. Wenye magari hayo katika joto la Arizona, Marekani, walianza kulalamika mwaka 2012 kwamba betri zao zinachoka mapema, na pwani yetu haijulikani kwa baridi.

Upande wa gharama umeme unashinda, ila kwa masharti. Kwa uniti ya LUKU ya takriban shilingi 350, kuijaza Leaf ni kama shilingi 8,400. Gari dogo la petroli kwa mwendo ule hunywa lita nane hivi. Bei ya lita unaijua. Lakini aliye kwenye daraja la matumizi madogo, anayelipia uniti shilingi 100 na ushee, ana uniti 75 kwa mwezi. Chaji tatu tu zinakaribia kuzimaliza zote, na bado hajawasha taa.

Kwa watu wa Kilwa kuna swali jingine. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam, ambako inazalisha umeme na siku hizi inajazwa kwenye magari. Je, ichomwe ndani ya injini, au igeuzwe umeme kwanza? Gari la gesi halitembei mbali na kituo chake. La umeme linahitaji waya, na waya umeshafika Nangurukuru, njia panda ya kuingia Kilwa.

Maoni yangu: gari la familia lisubiri, bodaboda itangulie. Betri yake hubebwa kwa mikono, safari zake ni za Kilwa Masoko na Kilwa Kivinje, na jioni inarudi kijiweni. Kigali kampuni ya Ampersand inafanya hivyo tangu 2019: dereva hasubiri chaji, anaacha betri iliyokwisha na kuondoka na iliyojaa.

Tukirudi kwa kinywe cha Lindi, kasoro ni kwamba kinywe cha mgodini hakiingii kwenye betri moja kwa moja. Lazima kisagwe kiwe vijitufe visivyoonekana kwa macho, kisha kisafishwe hadi asilimia 99.95, na sehemu kubwa hupotea njiani. Zaidi ya asilimia 90 ya kazi hiyo hufanyika China, ambayo tangu Desemba 2023 inadai kibali kabla ya kukiuza nje. Na kichekesho: vigamba vikubwa huthaminiwa zaidi na viwanda vya vifaa vya kuhimili moto, wakati betri hutaka vidogo.

Ukimkuta Nangurukuru dereva wa pikipiki ya umeme aliyeng'ang'ania kwenye chaja ya kasi hadi asilimia 100, mwambie aondoke na 80 zake. Zile 20 za mwisho zinamla muda, na zinamlia betri.