Kwa nini kuficha bomba la moshi huitesa ndege ndogo

Ndege ndogo inayoongozwa kwa redio hupendeza zaidi bomba lake la moshi linapofichwa ndani ya kifuniko cha injini. Uzuri huo una gharama: bomba hutoa joto kali mahali ambapo hewa ni haba, na injini iliyopata joto kupita kiasi huweza kuzimika angani, juu ya vichwa vya watazamaji.

Waundaji wazoefu hutoboa tundu la kutolea hewa kubwa mara mbili au tatu kuliko la kuingizia, kwani hewa yenye joto hutanuka. Wengi hukosea hapo, wakipanua tundu la mbele peke yake. Ncha ya bomba nayo sharti itokeze nje; moshi ukivujia ndani, mafuta ya kulainisha yasiyoungua huloweka mbao za balsa, na gundi haishiki tena.