Kwa Nini Kilimanjaro Humshinda Mwenye Nguvu

Desemba 2010, Martina Navratilova, aliyetwaa ubingwa wa Wimbledon kwa mchezaji mmoja mmoja mara tisa, alikuwa akipanda Mlima Kilimanjaro. Alipofika mita 4,500 hivi, mapafu yake yalianza kujaa maji. Akateremshwa na kupelekwa hospitali Nairobi, akapona. Na wapo wastaafu wasio na mazoezi yoyote ya maana wanaofika kilele cha Uhuru, mita 5,895, wakapiga picha na kushuka salama. Wanaosikia habari hizi mbili huuliza swali la haki kabisa: huo mlima unawachaguaje watu?

Jibu la haraka ni kwamba juu hakuna oksijeni. Si kweli. Oksijeni ni takribani asilimia 21 ya hewa pale kileleni, kama ilivyo pwani ya Dar es Salaam. Kinachopungua ni mgandamizo. Hewa ina uzito, na hukaa kama magodoro ya sponji yaliyorundikwa dukani: la chini kabisa limebonyea, la juu limetuna. Uhuru mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi inaingiza karibu nusu tu ya oksijeni ambayo mwili umeizoea.

Mwili una namna ya kujitetea, na hapo ndipo penye siri yote. Shingoni, kwenye mishipa mikubwa ipelekayo damu kichwani, kuna vihisio vidogo vinavyopima oksijeni. Ikipungua, vinaamuru kifua kipumue haraka zaidi. Lakini kupumua haraka kunatoa pia hewa ya ukaa nyingi mno, damu inapoteza sehemu ya asidi yake, na ubongo ukiona hivyo unapunguza pumzi. Amri mbili zinapingana. Usiku, mtu akiwa usingizini, mvutano huo husikika kabisa: anahema kwa nguvu, kisha ananyamaza kwa sekunde kadhaa, kisha anashtuka na kuhema tena. Aliyelala naye hema moja hupata hofu, ingawa jambo hilo peke yake si dalili ya hatari.

Wanaomaliza ugomvi huo ni figo. Huchuja damu na kutoa baikaboneti kwenye mkojo hadi asidi irudi mahali pake, ndipo ubongo unapolegeza breki na mtu akapumua kwa kiasi anachohitaji. Kazi hiyo inachukua siku kadhaa, wala haisukumwi na misuli. Dawa ya asetazolamidi, ambayo wapandaji wengi huifahamu kama Diamox, inazisaidia figo kuifanya mapema. Haiondoi haja ya kupanda taratibu.

Wengi huamini kwamba kinachowaokoa ni kuongezeka kwa damu. Ni kweli figo hutoa homoni ya kuchochea chembe nyekundu. Wanasayansi William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019 kwa kueleza jinsi seli zinavyotambua upungufu wa oksijeni, na utafiti wao ulipita katika homoni hiyo hiyo. Ila chembe mpya za kutosha huhitaji majuma. Mpandaji wa Kilimanjaro huwa amesharudi Moshi kabla hazijamfaa sana.

Sasa tuitazame ratiba. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasizidi mita 500 juu ya pale ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Njia ya Marangu ya siku tano inaanzia kwenye lango lililo juu kidogo ya mita 1,800. Usiku wa kwanza unalala Mandara, takribani mita 2,700. Wa pili Horombo, 3,700. Wa tatu unajinyoosha Kibo, 4,700, halafu karibu na usiku wa manane unaamshwa kuelekea kileleni. Kuanzia Mandara, kila siku ni mita 1,000, mara mbili ya kiwango kinachoshauriwa. Njia za Machame na Lemosho zina nafuu ya aina yake, kwa sababu mpandaji hupitia Lava Tower, kama mita 4,600, kisha hushuka kulala Barranco, chini kidogo ya 4,000. Mwili unaonjeshwa mwinuko, halafu unaachwa ulale chini yake.

Kwa hiyo mlima hauchagui nguvu. Kijana mwenye mapafu ya mkimbiaji huona safari rahisi, hutangulia, huona aibu ya kuambiwa pole pole, na hufika juu kabla figo zake hazijamaliza kazi. Kuzaliwa miteremkoni nako hakukingi. Watu wa nyanda za juu za Tibet wamerithi mabadiliko ya kimwili yaliyojengeka kwa maelfu ya miaka ya kuishi mahali pa juu sana. Vijiji vya Wachagga viko chini mno kwa hilo. Wapagazi, wanaoitana wagumu, hupata uzoefu kwa kupanda mara kwa mara, lakini mpagazi aliyekaa nyumbani majuma kadhaa anaanza upya kama mgeni wake, tena akiwa na mzigo ambao kanuni za hifadhi zinauruhusu ufike kilo 20.

Hapa sayansi inakutana na fedha. Ada ya hifadhi hulipwa kwa siku, na kila siku inaongeza chakula na ujira. Safari fupi ndiyo inayouzika kwa bei ndogo, na siku inayokatwa ni ile ile ambayo figo ziliihitaji. Mgeni aliyelipa fedha nyingi anaficha maumivu ya kichwa ili asirudishwe. Mpagazi anayetegemea kupangiwa safari nyingine anaficha ya kwake, na huyo wa pili hakuna anayemuuliza kila asubuhi amelalaje. Naona huu ni uonevu unaopaswa kusemwa kwa sauti: kipimo cha afya anachofanyiwa mteja kambini kiwafikie na waliobeba hema lake.

Maumivu ya kichwa na kichefuchefu vikizidi, usipande zaidi. Mtu akipepesuka, akishindwa kutembea kwenye mstari mnyoofu kisigino kikigusa ncha ya kiatu, au akaanza kuropoka, ubongo wake unavimba. Akihema vibaya hata akiwa amekaa, akikohoa povu la rangi ya waridi, mapafu yanajaa. Hali zote mbili tiba yake ya kwanza ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku. Oksijeni ya mtungi na dawa huongeza muda tu wa kumfikisha chini.

Kila Desemba makundi ya Watanzania hupanda kuadhimisha Uhuru wa nchi, na wapo wanaochagua siku tano. Ada ya hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ni ndogo sana kuliko ya mgeni, hivyo siku ya sita, ya kupumzika pale Horombo, inaongeza hasa chakula na malipo ya wapagazi. Ndiyo gharama ya kuulizia kwanza kabla ya kulipia safari.